Kujieleza si kujisifu

Waswahili tuna methali ambayo hapana mtoto wa pwani asiyeijua: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuliambiwa hivyo tungali tukikaa jamvini mbele ya mwalimu wa chuo, juzuu juu ya marufaa, tukakua tukiamini ya kwamba mtu mwenye haya hajitaji. Akisifiwa huinamisha uso. Akiulizwa kama anajua jambo hujibu, "Kidogo tu," ijapokuwa yeye ndiye fundi na wengine wote ni wanafunzi wake.

Sikuja leo kuitangua methali hiyo. Wazee wetu hawakusema la upuuzi. Lakini nimerudi karibuni kutoka Saboti, bara ya mbali huko chini ya mlima Elgon, na huko nimeiona ikimziba kijana mmoja kinywa siku ile hasa aliyotakiwa aseme. Na mtu aliyezibwa kinywa na haya, msomaji wangu, hana safari ndefu ya kufika kwenye uwongo. Habari yenyewe ni hii.

BARA YA MAHINDI

Mtu atokaye Mombasa kwenda Saboti hana budi kulala njiani. Utashika basi la Nairobi, upite Nakuru na Eldoret, ufike Kitale, kisha utafute matatu ya kukufikisha Saboti. Kule minazi imekwisha na joto limekwisha. Kuna baridi ya kumfanya mtu wa kikoi kama mimi aulizie blanketi mchana. Kushoto mahindi, kulia mahindi, na mbele yako Elgon, mlima wa mita 4,321, umejifunika mawingu kama mwari wa ndani. Hiyo ndiyo Trans Nzoia, ghala la mahindi la Kenya. Jina la Saboti wasomaji wengi watalikumbuka kwa ajili ya marehemu Michael Kijana Wamalwa, aliyekuwa mbunge wake, akawa Makamu wa Rais mwaka 2003 na akafariki mwaka huo huo. Bwana aliyejaliwa ufasaha wa kusema.

Nilikwenda kumjulia hali mjane wa mtoto wa ami yangu. Marehemu alikuwa dereva wa lori, akipeleka saruji bara na kurudi pwani na mahindi. Safari zikamzoesha Kitale, akaoa Mbukusu aliyesilimu, akajenga Saboti, na huko huko akazikwa, Mungu amrehemu. Ameacha mtoto mmoja wa kiume, sasa ana umri wa miaka 29. Kiswahili chake kimechanganyika cha baba na cha bara, lakini adabu zake ni za mtu aliyelelewa.

Usiku wa kwanza, tulipokwisha kusali Isha na kunywa chai, akaja akaketi kando yangu na bahasha mkononi.

"Ami," akasema, "wewe ni mtu wa kalamu. Nakuomba uniandikie barua ya kazi."

Akanieleza. Tajiri aliyekuwa akimfanyia kazi, mfanyabiashara wa nafaka, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Warithi wakafunga ghala na kugawana mali. Yeye akabaki mikono mitupu, akibangaiza vibarua. Sasa kulikuwa na kampuni moja upande wa Bungoma iliyotangaza kazi ya mtunza ghala, na siku za kupeleka maombi zilikuwa zimebaki tano.

Nikamwambia anionyeshe alichokwisha kuandika. Barua ilikuwa na mistari minne. Ilisema kuwa yeye ni kijana mtiifu, mchapa kazi, na kwamba yuko tayari kufanya kazi yoyote atakayopewa. Nimeona barua za namna hiyo nyingi katika maisha yangu ya magazeti. Zote zina sura moja, kama sarafu. Ukiondoa jina la huyu ukaweka la yule, hapana kitakachobadilika. Na mwenye kusema anaweza kazi yoyote, msikilizaji husikia kuwa hana kazi aijuayo.

Lakini bahashani mlikuwa na karatasi ya pili. Ilikuwa ni nakala ya cheti cha chuo, stashahada ya mambo ya ugavi, na jina la kwanza lilikuwa lake, ila la pili silo.

"Hiki ni cha nani?"

Akainamisha kichwa. "Cha rafiki yangu, Ami. Jina la kwanza letu ni moja. Hilo la pili kuna watu mjini hulibadilisha."

Mama yake alikuwa jikoni akiosha vikombe. Sauti ya maji ikanyamaza.

"MAGUNIA TU"

Sikumkemea. Aliyekuwa na njaa humkemei kwa kutazama chungu cha jirani. Nilimwuliza tu, "Wewe kwa tajiri yule ulikaa miaka mingapi?"

"Sita."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa nikipakia magunia tu, Ami."

Hilo neno "tu" ndilo lililonikamata. Nikamwambia asogee karibu na taa, nikatoa daftari yangu, nikaanza kumhoji kama ninavyohoji watu kwa ajili ya gazeti. Gunia likiletwa na mkulima, wewe huanza wapi?

Akasema huanza kwa bambo. Hulichoma gunia juu, katikati na chini, kwa kuwa wako watu huweka mahindi makavu mdomoni mwa gunia na mabichi chini. Akisha kuzitoa punje huzitazama, huzinusa, moja huitia menoni, kisha huzitia katika kile chombo cha kupimia unyevu. Yakizidi asilimia 13.5 hayaingii ghalani. Yarudi juani kwanza.

"Chombo kikiharibika?"

"Jino, Ami. Punje kavu huvunjika kwa mlio. Mbichi hubonyea."

Baadaye hupima mizani, kilo 90 kwa gunia. Hayalazwi sakafuni, hulazwa juu ya chaga za mbao, tena mbali na ukuta, hewa ipate kupita. Kila juma hukagua fukusi na dumuzi. Akiona rangi ya kuvu huligawa fungu lile mbali na mengine, kwani sumu ya kuvu haitoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Aliyasema hayo kwa wepesi, kama mtu anayehesabu vidole vyake. Nami nikakumbuka mwaka 2004, ambapo watu 125, hasa huko Makueni na Kitui, walikufa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo hiyo. Watu wale walihitaji mtu mmoja tu kama huyu katika ghala zao.

"Funguo alikuwa nazo nani?"

"Mimi. Miaka minne ya mwisho."

"Yamepotea magunia mangapi mkononi mwako?"

Akafikiri. "Moja. Liliibwa siku ya mvua, tulipokuwa tukipakua. Niliandika kwenye daftari siku ile ile, na tajiri nikamwambia mwenyewe kabla hajaniuliza."

"Daftari iko wapi?"

Ilikuwa chini ya godoro. Daftari tano, kwa mwandiko wake mwenyewe: tarehe, jina la mkulima, idadi ya magunia, uzani, unyevu. Miaka minne ya mahindi ya watu, mstari kwa mstari. Na huyu ndiye aliyekuwa akitaka kuazima cheti cha mtu mwingine!

NAFASI NILIYOIACHA TUPU

Nikamhadithia jambo ambalo sijapata kuliandika. Nilipokuwa kijana niliomba ukarani katika ofisi moja ya Mombasa. Nikapewa fomu ya kujaza. Palikuwa na mahali pameandikwa Elimu, na chini yake mistari sita. Nikaandika skuli niliyosoma, mstari mmoja, na mitano nikaiacha tupu.

Miaka tisa nilikuwa nimekaa chuoni. Nilikuwa nimehitimu Kurani, nikisoma na kuandika hati za Kiarabu bila kusita, nikijua hesabu za mirathi kiasi cha kuwasaidia wazee mtaani kugawa urithi wa maiti hata sehemu ya ishirini na nne, na nilikuwa nimekwisha anza kutunga mashairi kwa vina na mizani. Yote hayo sikuyaandika. Nilijiambia, haya si elimu ya ofisini. Tena nitaonekana najiona. Bwana aliyenihoji akaniuliza kama najua hesabu. Nikajibu, "Kidogo tu." Akaniamini.

Kazi akapewa mwenzangu niliyesoma naye, ambaye tangu utotoni alikuwa hodari wa kusema. Miaka mingi nilimnung'unikia moyoni kuwa alijitembeza. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikafahamu ya kwamba hakusema la uwongo yeye. Mwenye uwongo ni mimi. Niliulizwa nijualo nikasema silijui. Kuna uwongo wa kuzidisha na kuna uwongo wa kupunguza, na huu wa pili sisi watu wa pwani tumeuvika kanzu tukauita adabu.

YUSUFU MBELE YA MFALME

Kijana akaniuliza swali ambalo wasomaji wangu bila shaka mnalo midomoni: je, hatukukatazwa kujitakasa nafsi zetu?

Tumekatazwa, naam. Lakini aliyesoma sura ya Nabii Yusufu, rehema na amani zimshukie, atakumbuka jinsi alivyosimama mbele ya mfalme wa Misri. Alikuwa ametoka kifungoni. Mfalme amevutiwa na maneno yake. Hapo Yusufu hakusema yu tayari kwa kazi yoyote. Aliitaja kazi aitakayo, ya kusimamia hazina za nchi, na akataja sifa mbili za nafsi yake: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye kujua. Basi. Na Imamu al-Qurtubi, katika tafsiri yake, ameitumia aya hiyo kuonyesha kuwa yafaa mtu kuzieleza fadhila alizo nazo pale penye haja.

Tutazame alivyoviacha. Hakutaja uzuri wake, naye alikuwa ndiye mzuri wa wazuri. Hakutaja nasaba yake, naye alikuwa nabii mwana wa nabii, mjukuu wa nabii, kitukuu cha Ibrahimu. Sisi tungeanza na hapo hapo! Mtu wa kwetu akiulizwa yeye ni nani, hutaja baba na babu na mji waliotoka, akafika hata Hadhramaut, na mwulizaji bado hajajua huyu bwana anaweza kufanya nini. Nasaba ni heshima, lakini haipimi mahindi.

Tena tusisahau jambo lililotangulia. Mjumbe wa mfalme alipomjia kifungoni mara ya kwanza, Yusufu hakutoka mbio. Alitaka kwanza lile neno alilosingiziwa na wanawake lichunguzwe, jina lake litoke safi. Yaani alikwenda kwa mfalme akiwa ameshatengeneza habari zake za nyuma. Siku hizi Mkenya aombaye kazi huambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka polisi, akapigwa alama za vidole. Yusufu alikitaka chake kabla hajaombwa.

Na kazi yenyewe ilikuwa ni ipi? Kuweka nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Alijua hata namna ya kuihifadhi, kwamba iachwe katika masuke yake isiharibike. Nikamwambia kijana wangu, "Mwanangu, Nabii Yusufu alikuwa mtunza ghala. Nawe unasema ulikuwa ukipakia magunia tu."

Akacheka, na nyuma ya pazia nikamsikia mama yake naye akicheka.

BARUA YA SHINGONI

Asubuhi yake nilikwenda kuota jua kwa mzee wa jirani, Mbukusu aliyekula chumvi nyingi. Nikampa kisa cha usiku. Akasema, "Sisi zamani hatukuandika barua ya kazi. Baba yangu barua yake aliivaa shingoni." Akaingia ndani, akarudi na kikopo kidogo cha bati, chembamba, chenye kitundu cha kupitishia kamba. Ndani hamkuwa na kitu tena, karatasi ilikwisha kuoza. Lakini nilikijua. Ni kipande.

Vijana wa leo husema kipande wakikusudia kitambulisho, na wengi hawajui neno limetoka wapi. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuandikisha wenyeji, ikaanza kutumika mwisho wa 1919, vita vikuu vya kwanza vilipokwisha. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, na habari za kazi yake: ameajiriwa na nani, tarehe gani, kwa mshahara gani, na ameachwa lini. Karatasi hukaa katika kikopo, kikopo hukaa shingoni. Ilikuwa ni miaka hiyo hiyo ambapo askari wa Kizungu waliotoka vitani walipewa mashamba Trans Nzoia, na walihitaji mikono ya kulima mahindi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, haja ya mikono ikazidi.

Sasa angalia hila yake. Mfanyakazi hawezi kuondoka mpaka bwana wake atie sahihi ya kumwacha. Akiondoka bila sahihi huyo ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Mshahara wake wa nyuma umeandikwa pale, kwa hivyo bwana mpya akiufunua huona mwenzake alilipa ngapi, na haoni sababu ya kuzidisha. Mtu angeweza kujifunza kazi mpya, akawa fundi wa jembe la ng'ombe au wa mashine, na kipande bado kinasema bei yake ya zamani. Habari zake zote za kazi alizichukua yeye kifuani, lakini hakuziandika yeye, na aghalabu hakuweza hata kuzisoma.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walikusanya watu Nairobi kupinga kipande, kodi na kukatwa mishahara. Thuku akakamatwa Machi 1922, na umati uliokuja kumdai ukapigwa risasi. Haikuwa mpaka mwaka 1947 ilipopitishwa sheria nyingine, ya kuandikisha watu wa rangi zote, ndipo kikopo kikaanza kutoweka shingoni mwa watu.

"Baba alijua kuzalisha ng'ombe," mzee akaniambia, akikigeuzageuza kikopo. "Ng'ombe wa mzungu wote walipita mikononi mwake. Humu waliandika neno gani? Kibarua."

Nilikaa kimya. Naona hata leo wako watu wanaotembea na kipande ambacho wamejiandikia wenyewe. Kijana asemaye "magunia tu" amejitilia sahihi ya kibarua kwa mkono wake.

SHERIA INASEMAJE

Yapo mambo ambayo kila mfanyakazi wa Kenya yampasa ayajue, nami nayaandika hapa kwa faida ya wote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 51, inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha kazi anapoondoka, madhali amefanya kazi si chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali pake, na siku aliyomaliza. Mwajiri asiyekitoa, au atiaye uwongo ndani yake, aweza kutozwa faini hata shilingi 100,000 au kufungwa hata miezi sita, au yote mawili.

Ajabu nzuri ni hii: sheria hiyo hiyo yasema mwajiri halazimiki kueleza tabia ya mtu wala namna alivyofanya kazi. Yaani yampasa ashuhudie kuwa ulikuwapo na ulifanya nini. Sifa zako ni juu yako kuzieleza. Ni kinyume kabisa cha kipande.

Na kwa vijana waliojifunza kazi kwa mikono, bila kukanyaga chuo, mamlaka ya taifa ya vyeti vya elimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 ina utaratibu wa kupima ujuzi wa namna hiyo na kuutambua. Njia hiyo ni ndefu kuliko ya mtu wa mjini anayebadilisha majina. Lakini Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza mwaka 2024 kuwa imegundua vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 katika kazi za serikali. Mtu wa namna hiyo aweza kuoa na kusomesha watoto kwa mshahara wa cheti cha uwongo, na kila mlango ubishwapo moyo huruka. Riziki ya namna hiyo hailiki kwa raha.

BARUA ILIVYOANDIKWA

Mchana ule tulikwenda, mimi na kijana na mama yake, kwa mjane wa tajiri. Kijana hakutaka. "Tutamsumbua, Ami, bado ana msiba." Lakini bibi yule alitupokea vizuri. Tukamwonyesha daftari. Akazifunua taratibu, akaona mwandiko wa mumewe pembeni mwa kurasa, pale alipokuwa akitia alama kila mwisho wa mwezi. Akalia kidogo. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuja siku zote hizi?" Akatia sahihi cheti cha kazi: miaka sita, mpokeaji na mtunza nafaka. Neno la "mtunza" ni lake yeye, sisi hatukumtajia.

Barua yenyewe sikuiandika. Nilikataa. Nilimwekea mambo matatu tu, naye akaandika kwa maneno yake: unajua nini, umeaminiwa nini, na nani aliyekuona. Katika kujua akaweka bambo, kipimo cha unyevu, chaga, fukusi na kuvu. Katika kuaminiwa akaweka funguo za miaka minne na daftari tano. Katika mashahidi akaweka mjane wa tajiri na wakulima wawili waliokubali kutajwa.

Jambo la mashahidi nalo si geni kwetu. Nabii Musa alipofika Madyan hakuwa na mtu amjuaye. Aliwanyweshea maji wanyama wa wasichana wawili akajiendea kivulini. Mmoja wao ndiye aliyemshauri baba yake, mzee ambaye wengi husema ni Nabii Shuaibu, amwajiri mgeni yule kwa nguvu zake na uaminifu wake, kwani alikuwa amemwona akifanya. Naye Musa, mbele ya mzee, alikisimulia kisa chake chote, pamoja na sababu ya kuikimbia Misri. Hakuficha.

Kijana akaniuliza kama aliandike lile gunia lililoibwa. Nikamwambia, "Liandike." Gunia moja lililopotea na kuandikwa lina thamani kuliko elfu ambazo mtu anasema hazikupotea hata moja.

Cheti cha rafiki yake akakirudisha kwa mwenyewe jioni ile ile. Sikumwona akienda, mama yake ndiye aliyenambia.

Nimekwisha rudi Mombasa majuma matatu ndipo akanipigia simu. Aliitwa Bungoma akahojiwa. Wakamwuliza cheti cha chuo, akajibu hana, akaweka daftari mezani. Utunza ghala hawakumpa. Walimchukua mwenye stashahada. Lakini yeye wakamweka mlangoni, penye mizani na kipimo cha unyevu, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mshahara si mkubwa. Akasema, "Ami, wameniuliza najua kupima unyevu kiasi gani. Nikawaambia najua."

Hakusema kidogo.

Basi methali yetu ibaki palepale. Chema chajiuza, ni kweli. Lakini hata chakula kitamu, kisichohitaji kupigiwa mbiu, sharti kifunuliwe kawa. Na kwa kuwa mimi asili yangu ni mtunzi, kijana yule nilimwachia ubeti huu mmoja nyuma ya bahasha yake, nao nawaachia na wana wenu walio nyumbani wakingoja kazi:

Ukiulizwa u nani, usijibu: "Sina kitu,"
Taja uliyobaini, na amana zao watu,
Uwongo usiubuni, hauna mguu katu,
Kalamu i mkononi, siandikiwe na mtu.